Palipo Kimya kwenye Diski ya Mwanangu

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikupa kitu alichokitengeneza mwenyewe, akakuomba ukipokee chote, kipokee chote. Usikionje kama mpishi anayeonja chumvi. Mimi nilionja nikasema nimeshiba, na uongo ule mdogo ulininyang'anya mwanangu miezi saba. Shule niliishia darasa la saba na kalamu si kitu ninachokishika kila siku, kwa hiyo penye makosa mnisamehe. Lakini najua kina mama wengi wana ugonjwa kama wangu, ndiyo maana naandika.

Ugonjwa wangu ni wasiwasi. Simu ikilia, kabla sijaipokea nimeshazika mtu. Mwanangu ni mmoja tu, wa kike. Baba yake alitangulia mbele ya haki mtoto akiwa bado anatambaa, na tangu hapo nimeishi roho juu. Mtaani walimwita Filimbi, kwa sababu alijua kupiga mluzi kabla hajajua kutamka jina lake.

Alipokuwa chuoni aling'olewa jino, akakosea akaniambia. Nilimpigia simu mkuu wa chuo. Nikawaarifu akina mama wa kikundi chetu, wote ishirini na wawili, nao wakampigia mmoja mmoja kumpa pole na kumwelekeza asukutue kwa maji ya chumvi. Mwaka uliofuata alipopata homa nilifunga safari na chupa mbili za uji, nikamkuta yuko ndani ya chumba cha mtihani, nikagonga dirisha. Darasa zima liligeuka. Tangu siku ile nikimuuliza hali, jibu likawa moja: "Mzima, mama." Mtu gani anakuwa mzima miaka kumi na miwili mfululizo? Sikujiuliza. Nilishukuru Mungu nikalala.

Kazi yangu ni udobi hotelini. Tuko chumba cha chini kabisa, mashine sita za kufua, mbili za kukausha, na rola kubwa ya kunyooshea mashuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mtu na pembe zake mbili, mnalivuta, mnalipiga hewani, halafu mnakutana katikati, mwenzako anakukabidhi pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini. Wa upande wangu wa pili tunamwita Pasi Moto, kwa ajili ya ulimi wake. Tumekunja pamoja miaka tisa, na mambo yangu yote ameyasikia kwa umbali wa shuka moja.

Nyumbani hakuna wa upande wa pili. Shuka langu nalibana kwa kidevu.

Mwanangu anatunga muziki wa filamu. Si nyimbo za kuimba. Ni ule muziki unaopita chini ya maneno, ambao ukiwepo huushughulikii, na usipokuwepo unajiuliza mbona humuonei huruma mtu anayelia. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyakariri. Mwaka juzi alitunga muziki wa filamu ya mzee mmoja fundi saa, aliyelazimika kufunga duka lake la siku nyingi. Filamu ilipotolewa kwenye diski za kutazamia nyumbani, alinitumia moja kwa posta, kisha akanipigia.

"Mama, hiyo diski ina sauti mbili. Ya kwanza ni filamu kama kawaida, watu wanaongea. Ya pili wameondoa maneno, wameondoa milango, magari, kila kitu. Umebaki muziki wangu peke yake. Wewe weka ya pili."

"Sasa bila maneno nitaelewa nini?"

"Una macho, mama. Weka ya pili, iache iende mpaka mwisho. Hata pakiwa kimya, usiguse kitu."

"Kwani patakuwa kimya?"

"Muziki haupigwi filamu nzima. Kuna mahali unanyamaza, tena muda mrefu. Acha tu iende. Niahidi."

"Nakuahidi, mwanangu."

Ulimi hauna mfupa.

Nilikaa Jumapili mchana, nimeoga, nimejifunga khanga safi kama mtu anayekwenda kwenye hafla. Nikaiweka diski kwenye deki, nikatafuta palipoandikwa "Muziki peke yake", nikabonyeza. Ukaanza. Nasema bila kupendelea: ulikuwa muziki wa kumtuliza mtu. Nyuzi mbili tatu zinatembea polepole, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo na hana haraka. Machozi yalinilenga. Nikawaza, huyu ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni nikisugua mashuka ya watu.

Halafu ukanyamaza. Mzee fundi saa na mkwewe wako mezani, wanagombana, midomo inafunguka na kufumba kama ya samaki ndani ya ndoo, na mimi sisikii ila friji langu na viatu vya mpangaji wa juu. Mtu anayeishi peke yake anakijua kimya cha nyumba yake, amekizoea. Lakini kimya cha kwenye televisheni ni kingine. Kile kinakutazama.

Kimya cha kwanza nilikivumilia mpaka mwisho. Cha pili nikatega sikio kwelikweli, nikainuka nikaangalia nyaya, nikaongeza sauti, hakuna kitu. Cha tatu nikajiambia, hivi hapa nafanya nini, nachunga upepo? Nikashika rimoti. Kuna kile kitufe cha kurukia sehemu inayofuata. Muziki ukinyamaza tu, naruka. Ukinyamaza, naruka. Filamu ya karibu saa mbili niliimaliza kwa dakika arobaini, nikajipongeza kwamba muziki wote nimeusikia na wakati sijaupoteza.

Jioni akapiga.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Yote?"

Hapa ndipo nilipojikata kwa wembe wangu mwenyewe. "Yote, mwanangu. Mpaka majina ya watu yakapita."

"Ulifika pale mzee anapobaki peke yake kwenye duka tupu?"

"Nilifika."

"Na huna la kuniambia?"

"Ninalo! Ni muziki mzuri mno, umeniliza. Lakini mbona sauti yako naisikia nyembamba? Unakula?"

"Nakula, mama."

"Na mboga za majani?"

Alichelewa kujibu, nikadhani simu imekatika. "Na mboga za majani," akasema. "Haya, mama. Asante kwa kusikiliza."

Baada ya hapo simu zake za Jumapili zikaanza kupungua. Zikawa za wiki mbili mbili, zikawa za mwezi, kisha zikawa ujumbe wa maneno mawili, "Niko salama." Nikimpigia inaita mpaka inakata. Siku moja nilipiga mara kumi na nne.

"Mwache mtoto apumue," Pasi Moto akaniambia, tunavuta shuka. "Simu zako zinalia kama king'ora cha zimamoto."

"Wewe unao watano, unaweza kuongea."

"Ninao watano, na wote hawanipigii. Mimi nalala usingizi."

Sikulala. Nilimtafutia kila balaa: mwanaume, ajali, dini mpya. Mwisho wazo moja likaniganda kama gundi, kwamba amekuwa mtu wa watu na ananionea haya, mama dobi. Nikasema, haya, kama ni hivyo na mimi simtafuti. Nikajikaza kisabuni. Natoka kazini, nawasha televisheni bila kuitazama, napika kwenye sufuria ya watu wanne kwa sababu sina ndogo, nakula jana yangu mpaka kesho kutwa. Wikiendi nilikuwa nafua nguo ambazo hazijachafuka. Akina mama wakiniuliza Filimbi hajambo, nawajibu, "Mzima." Neno lake mwenyewe.

Mwezi wa saba Pasi Moto akaniomba diski. "Niazime ile filamu ya mwanao. Mzee wangu kasafiri na nyumba imepoa." Nikampa, nikamwelekeza aweke sauti ya pili, nikiwa na fahari kama mimi ndiye niliyepiga hizo nyuzi.

Sasa, rimoti ya Pasi Moto ilikuwa imetafunwa na mjukuu wake. Kwake ukitaka kugusa chochote lazima upige magoti mbele ya deki, na magoti yake hayataki. Kwa hiyo aliweka sauti ya pili, akasimama kwenye meza yake ya kupigia pasi, akaiacha iende.

Kesho yake tukashika shuka la kwanza, bado lina moto wa rola. Nikaona ananitazama kwa upole, jambo ambalo si tabia yake.

"Mwenzangu, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mwanao. Lile sikio."

"Sikio gani?"

Akacheka kidogo, akidhani namficha. "Si la kushoto! Jana nimelia mpaka nikaunguza kola ya shati la mzee wangu. Na wewe, mwanamke unayetangaza mpaka kuumwa na mbu, umekaa na siri hiyo miezi yote! Nikasema leo nimekuvulia kofia."

Pembe zikanitoka mikononi. Shuka jeupe, limeshanyooshwa, likaenda kwenye sakafu ya maji.

"Amekwambia nani?"

"Yeye mwenyewe, kwenye diski. Pale mzee yuko peke yake dukani, pamenyamaza, mara anatokea anaongea." Akanisogelea. "Si ulisema umeisikiliza yote?"

Niliokota shuka nikalirudisha kwenye mashine, nikabonyeza kitufe kisicho chake, yeye akaja akabonyeza cha haki. Hakunitania. Alisema tu, taratibu, "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwenzangu. Chukua diski yako, iko kwenye mkoba wangu. Nitakukunjia."

"Utakunja na nani?"

"Na msimamizi. Leo naye ashike shuka ajue kazi."

Nikaenda nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo sijawahi kuiona nyumba yangu. Rimoti niliifungia chumbani, ufunguo nikautia kifuani. Nikakaa. Kimya cha kwanza kikapita. Cha pili. Cha tatu. Cha tano. Mikono nilikuwa nimeikalia. Kisha mzee fundi saa akavuta mapazia ya duka lake, akakaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, pakawa kimya, na sauti ya mwanangu ikatoka, ya kawaida kabisa, kama yuko mlango wa jikoni.

"Hapa sikuweka muziki," akasema. "Mwongozaji aliniomba, nikakataa. Wiki niliyofika sehemu hii sikio langu la kushoto lilizima. Halikuuma. Niliamka tu, nikalikuta limezima kama taa. Daktari anasema la kulia linaweza kufuata, mwaka huu au baada ya miaka ishirini, hajui. Watu wa studio wanajua. Mama hajui. Mama yangu ukimwambia umejikwaa, anachimba kaburi. Nimejaribu kwa simu nimeshindwa, nimekwenda mpaka nyumbani nimeshindwa, nikarudi. Namwambia hapa kwa sababu hapa hawezi kunikatiza. Mama, ukisikia haya usilie kwanza. Usiwapigie akina mama wa kikundi. Nipigie mimi, uniambie tu kwamba umefika hapa. Usiongeze lingine. Halafu nitajua kwamba naweza kukuambia mambo."

Mzee akainuka, akachukua kofia yake, muziki ukarudi.

Alikuja mpaka nyumbani, anasema. Nakumbuka ile ziara. Alikaa siku moja na nusu, na muda wote nilikuwa namlalamikia kwamba haniitikii nikimwita kutoka uani.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mwana anavunjika nini, hakuna aliyetufundisha. Mimi nilivunjika pale kwenye kochi. Diski hiyo imenunuliwa na watu nisiowajua, wamekaa majumbani mwao, wamemsikia mwanangu akimwita mama yake. Kila mtu alifika pale. Mimi niliyeitwa nikaruka, kisha nikauliza mboga za majani.

Nikashika simu. Nitawaambia ukweli: kidole changu kilikuwa kinaelekea kwa katibu wa kikundi. Kilikuwa kimeshalifungua jina lake. Nikakitoa. Nikaona hata kumpigia mwenyewe sistahili, na kwa sikio moja huenda asinielewe. Alfajiri nikaondoka, na alasiri nilikuwa mbele ya mlango wake, ghorofa ya tatu, mikono mitupu. Uji sikubeba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwa mwanangu bila chupa.

Akafungua. Amekonda, amekata nywele fupi. Macho yake hayakunitazama machoni, yalishuka mdomoni.

"Mama? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nilikudanganya," nikasema, kwa sauti ndogo ya aibu.

"Nini?"

"Nilikudanganya."

Akageuza kichwa, akasogeza upande wa kulia. "Mama, sikusikii."

Ndipo nikakosa akili nikapiga ukelele, "NILIKUDANGANYA! SIKUISIKILIZA YOTE!" Ngazi nzima ikaitika. Mlango wa jirani ukafunguka, mama mmoja mwenye mwiko mkononi akachungulia.

"Kuna usalama?"

"Kuna usalama," mwanangu akamjibu. "Ni mama yangu."

"Ahaa," jirani akasema, kama mtu aliyeshasimuliwa. "Ndiye huyu." Akafunga mlango wake.

Tukaingia. Akanikalisha upande wake wa kulia, akaniambia niseme polepole, nisipige kelele, kelele zinaumiza hata lile lililobaki. Nikasema kila kitu: rimoti, kile kitufe, dakika arobaini, Pasi Moto na magoti yake.

"Kwa hiyo uliruka wapi?" akauliza.

"Palipo kimya pote."

"Pote?"

"Viwili vya kwanza nilivumilia. Havikuwa na kitu."

Akacheka, kisha uso ukamgeuka katikati ya kicheko. "Miezi saba, mama. Miezi saba nilikuwa najua umesikia. Nilijua umenisikia nikisema naogopa kuwa kiziwi, ukaona cha maana ni mboga za majani. Nilisema basi, hiyo ndiyo nafasi yangu kwake."

"Nimefika pale sasa, mwanangu."

"Umechelewa," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana mambo yakaisha. Nilikaa kwake siku tano. Nikaona anavyofanya kazi, kiganja kimoja kimelala juu ya mbao za kinanda ili aupate mtetemo, mkono mwingine unapiga. Tangu filamu ya fundi saa hajapata nyingine. Kila asubuhi anabonyeza kibonyezo kimoja, kilekile, anasubiri, anaandika kitu kwenye daftari. Sikumuuliza anaandika nini. Ilinichoma kutokuuliza, nikajifinya paja. Jirani mwenye mwiko aliingia bila kubisha siku ya kliniki, akamwambia, "Twende, tutachelewa." Yeye anazijua siku zote. Nilibaki dirishani nikiwatazama wanavuka barabara, jirani amekaa upande wa kushoto wa mwanangu, upande wa magari, bila kuambiwa.

Siku ya mwisho nikamwambia, "Turudi nyumbani, nikutunze."

"Hapana, mama."

"Uko peke yako hapa."

"Na wewe uko peke yako kule. Nikikuhitaji nitakuambia. Kazi yako ni moja tu, nikikuambia usikie."

Nikarudi. Akina mama wa kikundi hawajui hadi leo ninapoandika, na mtu akinitambua hapa naomba asiende kumpa pole.

Sasa tunaandikiana kwa simu, kwa sababu simu za kuongea zimemshinda. Mimi nasoma taratibu, kwa kidole. Jumamosi iliyopita aliniletea ujumbe mrefu, mrefu kuliko wowote. Daktari amemwonyesha kifaa, kuna kupasuliwa, kuna waya unaoingia ndani, kuna mambo ya asilimia, kuna maneno ya hospitali nisiyoyajua hata kuyatamka. Mwisho ameandika: "Umeelewa, mama?"

Nilikuwa nimeshaandika "Nimeelewa." Mkono umezoea. Nikalitazama lile neno. Nikalifuta herufi moja moja, nikaandika: "Hapana. Nimeelewa mpaka kwenye waya. Baada ya hapo sijaelewa kitu."

Nikatuma. Hakujibu. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Nilitaka kumpigia, nilitaka kumwandikia samahani mwanangu usihangaike, nilitaka kumuuliza amekula. Nikaiweka simu mezani nikakaa mbali nayo, mikono mapajani, nikaacha pawe kimya.

Saa tisa na kitu simu ikatetemeka. Alikuwa ameandika yote upya, kuanzia kwenye waya.